Bei Hugeuka Usiku Mmoja, Gari Hukaa Miaka 15

Kila bei ya mafuta inapopanda, kauli mbili husikika kabla hata vituo havijamaliza kubadilisha namba kwenye vibao. Ya kwanza hutoka kwa wachumi na watetezi wa mazingira: sasa watu wataachana na magari yanayokula mafuta, watanunua madogo, watahamia kwenye umeme. Ya pili hutoka kwa wachambuzi wa siasa: sasa serikali itatikisika, maana hakuna kiongozi anayepandisha bei ya mafuta akalala usingizi. Kauli zote mbili zimerudi tena katika wimbi hili la kupanda kwa bei, na zote mbili zinaanzia mahali pabaya. Zinamwona mwenye gari kama mtu anayeamua upya kila asubuhi anaposimama mbele ya pampu, ilhali uamuzi wake mkubwa kuhusu mafuta aliufanya zamani, siku aliyonunua gari.

Hoja yangu ni hii: kinachowatoa watu majumbani na kuwapeleka barabarani si ukubwa wa bei peke yake, ni bei kugeuka baada ya wao kuwa wameshafunga mkataba. Gari ni mkataba wa miaka mingi, na mara nyingi serikali ndiyo iliyoandika masharti yake, kwa kodi iliyopunguza hapa na kuongeza pale, kwa ruzuku, kwa barabara ilizojenga na kwa reli ilizoziacha zife. Masharti hayo yakibadilishwa ghafla, mwenye gari hajioni kama mteja aliyepandishiwa bei. Anajiona kama mtu aliyeshauriwa kununua, akanunua, kisha aliyemshauri akamgeuka. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini senti chache kwa lita zinaweza kuiwasha nchi moja, wakati nchi nyingine inavumilia bei kupanda mara nne na mitaa ikabaki kimya.

Tuanze na hesabu ya muda, maana wengi huiruka. Mwaka 2024 wastani wa umri wa magari yanayotembea Marekani ulikuwa miaka 12.6, na katika nchi za Umoja wa Ulaya nao ulikuwa umeshapita miaka 12. Nchi zinazotegemea magari ya mitumba huanza kuyatumia yakiwa tayari yana umri mkubwa, kisha huyatumia miaka mingine mingi. Gari linalotoka kiwandani leo litakuwa bado barabarani baada ya chaguzi kuu tatu. Mafuta hayana subira ya namna hiyo. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilifika karibu dola 147, na kabla mwaka haujaisha lilikuwa limeanguka chini ya dola 40. Aprili 2020, soko la mikataba ya mafuta Marekani lilishuhudia bei ikizama chini ya sifuri kwa siku moja. Mtu anaishi katikati ya saa hizi mbili, moja inakwenda kwa miaka na nyingine inakwenda kwa siku. Mimi mwenyewe niliwahi kununua gari wakati mafuta ni rahisi, na ninaukumbuka vizuri mwezi wa kwanza baada ya bei kugeuka: nilichoweza kupunguza zilikuwa safari za matembezi tu. Umbali wa kwenda kazini, shuleni na hospitali ulibaki uleule. Ndiyo maana takwimu za matumizi ya mafuta hushuka kidogo sana katika miezi ya mwanzo hata bei inapopanda sana. Si kwamba watu hawaoni bei. Wanaiona, ila hawana pa kutokea.

Wanaoamini kwamba bei yenyewe itafanya kazi hupenda kutaja mwaka 1973, na mfano wao una nguvu. Oktoba mwaka ule nchi za Kiarabu zinazouza mafuta ziliwawekea vikwazo Marekani na baadhi ya washirika wake kwa sababu ya kuiunga mkono Israel vitani, na ndani ya miezi michache pipa likapanda kutoka kama dola 3 hadi karibu dola 12. Magari madogo ya Kijapani kama Honda Civic na Toyota Corolla, ambayo Wamarekani wengi walikuwa wakiyadharau, yakapata soko wazi. Lakini jambo lililodumu halikuwa bei. Lilikuwa sheria ya mwaka 1975 iliyowataka watengenezaji wafikishe, kufikia 1985, wastani wa maili 27.5 kwa galoni, yaani takriban lita 8.6 kwa kilomita 100. Sheria ile iliendelea kufanya kazi hata bei ilipoporomoka mwaka 1986. Na pale ilipoacha mwanya, malori yakapita humo kweli. Malori madogo yaliwekewa kiwango kilicholegea, ambacho kwa muda mrefu, kuanzia katikati ya miaka ya 1990, kilikuwa maili 20.7 kwa galoni, sawa na takriban lita 11.4 kwa kilomita 100. Watengenezaji wakaona njia: gari la familia likavishwa umbo na daraja la lori dogo, likauzwa kwa faida kubwa zaidi. Miaka mingi ya mafuta rahisi na mwanya huo ikabadilisha kabisa sura ya barabara. Aprili 2018 Ford ikatangaza kwamba ingeacha kuuza karibu magari yake yote ya saluni huko Amerika Kaskazini. Miaka minne baadaye, Juni 2022, wastani wa bei ya petroli Marekani ulivuka dola 5 kwa galoni, kiwango ambacho nchi ile haikuwahi kukiona kwenye vibao vyake. Pikapu za Ford za F-Series zilimaliza mwaka huohuo zikiongoza kwa mauzo, kama zilivyozoea kwa miongo mingi.

Nimelieleza hilo kwa kirefu kwa sababu linawavunja nguvu wale wanaosema bei peke yake inafundisha. Bei inafundisha, ila somo lake husahaulika haraka. Kinachobaki ni kanuni zilizoandikwa bei ilipokuwa juu, na mianya iliyoachwa ndani yake.

Kuhusu siasa, mfano unaotajwa zaidi ni Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani. Husemwa kwamba foleni za mafuta za mwaka 1979 ndizo zilizomwangusha katika uchaguzi wa Novemba 1980. Zilimuumiza, hilo halina ubishi, lakini alikuwa pia na Wamarekani walioshikiliwa mateka Tehran, Iran, na mfumuko wa bei uliokuwa ukila mishahara. Zaidi ya hayo, watu hukumbuka foleni kuliko bei, na foleni zile zilichochewa na udhibiti wa bei uliokuwepo tangu enzi za rais wa kabla yake, Richard Nixon. Serikali ilijaribu kuwakinga watu na bei, wakaishia kukosa mafuta yenyewe.

Sehemu ya kulijifunza jambo hili vizuri ni Brazili. Baada ya mshtuko wa 1973, serikali ya kijeshi ya Ernesto Geisel ilianzisha Novemba 1975 mpango wa kutengeneza ethanoli kutokana na miwa, ili nchi ipunguze kununua mafuta nje. Mwanzoni ethanoli ilichanganywa na petroli. Kisha mwaka 1979 yakaanza kuuzwa magari yanayotumia ethanoli tupu, serikali ikayapunguzia kodi na kuhakikisha bei ya ethanoli inabaki chini ya petroli kwa kiasi cha kumshawishi mnunuzi. Raia wakaitikia. Katikati ya miaka ya 1980, zaidi ya magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa Brazili yalikuwa ya ethanoli. Kwa kipimo chochote hayo ni mafanikio ya sera ambayo waziri yeyote wa nishati angeyatamani. Lakini mafuta ghafi yakashuka mwaka 1986, hazina ikachoka kubeba ruzuku, bei ya sukari duniani ikapanda na wenye viwanda wakaona heri kutengeneza sukari kuliko ethanoli. Kufikia 1989 na 1990 wenye magari ya ethanoli walikuwa wanapanga foleni vituoni kutafuta mafuta ambayo hayapo. Injini zao hazikuweza kunywa kitu kingine. Walikuwa wametii mwito wa taifa kwa fedha zao wenyewe, na utii ule ndio uliowafunga.

Kilichofuata kinastahili kuangaliwa kwa makini. Wabrazili hawakuhitaji kuelezwa. Mauzo ya magari ya ethanoli yalikauka katika miaka ya 1990 hadi yakawa karibu na sifuri. Serikali ingeweza kuahidi tena na tena, ila ahadi ni deni, na deni la kwanza lilikuwa halijalipwa. Imani ilirudi mwaka 2003 tu, na haikurudishwa na ahadi mpya. Ilirudishwa na injini mpya. Volkswagen ilileta toleo la Gol linaloweza kutumia petroli, ethanoli au mchanganyiko wowote wa hizo mbili, na watengenezaji wengine wakafuata upesi. Kabla miaka kumi haijapita, zaidi ya magari 8 kati ya 10 mapya yalikuwa ya aina hiyo. Mnunuzi alikuwa amepata gari ambalo uamuzi wa mafuta unafanyika kituoni, si kwenye duka la magari. Alijinunulia mlango wa kutokea. Sijui funzo lililo wazi zaidi ya hili kuhusu uhusiano wa bei, gari na siasa: watu walikuwa tayari kutumia mafuta mapya, hawakuwa tayari kufungiwa humo na mtu ambaye huenda akaondoka na ufunguo.

Ukiwa na Brazili kichwani, Ufaransa ya 2018 inasomeka tofauti na ilivyozoeleka. Vuguvugu la Vizibao vya Njano, lililoanza Novemba 17 mwaka ule, lilielezwa na wengi nje ya Ufaransa kama uasi dhidi ya mazingira: watu wa vijijini wasiotaka kulipia uchafuzi wao. Maelezo hayo ni dhaifu kuliko yote katika mjadala huu, na yanaudhi. Kwa miongo kadhaa dola ya Ufaransa iliitoza dizeli kodi ndogo kuliko petroli, na viwanda vya nchi hiyo vikawa hodari wa injini za dizeli. Mwaka 2012, karibu robo tatu ya magari mapya yaliyouzwa Ufaransa yalikuwa ya dizeli. Aliyekuwa akikaa mbali na mji, akisafiri kilomita nyingi kila siku, alishauriwa na kila mtu kwamba dizeli ndiyo busara. Kisha serikali ikaanza kuipandisha kodi ya dizeli ili ilingane na petroli, na juu yake ikapandisha kodi ya kaboni, ile inayotozwa kwa ajili ya hewa chafu itokanayo na mafuta. Baada ya ongezeko la mwanzoni mwa 2018, ongezeko jingine lililokuwa limepangwa kwa Januari 2019 lilikuwa senti 6.5 za euro kwa lita ya dizeli na senti 2.9 kwa petroli. Angalia ni nani aliyelengwa. Katika bajeti ya kipindi hichohicho, serikali ya Emmanuel Macron ilikuwa imeondoa kodi ya jumla ya utajiri na kubakiza ile ya majumba na ardhi. Vizibao vyenyewe vilikuwa vya gari: kila mwenye gari Ufaransa analazimika kisheria kuwa nacho, kwa hiyo watu walivaa alama ya wajibu ambao dola iliwapa na wakaenda kusimama nayo kwenye mizunguko ya barabara. Kabla Desemba haijaisha, ongezeko lilikuwa limefutwa.

Watetezi wa serikali ile hujibu kwamba kulikuwa na msaada wa kubadilisha gari, na ni kweli. Siku chache kabla ya maandamano ya kwanza ilitangazwa kwamba kaya za kipato cha chini zenye safari ndefu zingeweza kupata hadi euro 4,000. Lakini kwa mtu anayeishi kwa kununua gari la mtumba baada ya jingine kufa, msaada wa kununua gari ambalo hata msaada ukishapunguzwa kwenye bei bado ni ghali haumfikii. Na ulitangazwa moto ukiwa umeshawaka. Walioishi katikati ya Paris, wenye treni za chini ya ardhi mlangoni, waliona senti sita kuwa jambo dogo; mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kazakhstan Januari 2022 ilikuwa mkasa wa aina hiyohiyo, wenye damu nyingi zaidi. Katika mkoa wa Mangystau, magharibi ya nchi, penye visima vya mafuta na gesi, madereva wengi walikuwa wamebadilisha magari yao yatumie gesi ya petroli iliyoyeyushwa, ileile inayojazwa kwenye mitungi ya kupikia. Walifanya hivyo kwa sababu serikali iliiwekea bei kikomo ya chini. Bei kikomo hiyo ilikuwa haiwalipi wazalishaji, gesi ikawa inaadimika, na kwa hoja ya kiuchumi uamuzi wa kuiachia soko ulikuwa na mantiki. Mwaka mpya ulipoingia, bei ikaruka kutoka takriban tenge 60 hadi 120 kwa lita. Maandamano yakaanzia mji wa Zhanaozen na kusambaa nchi nzima. Baraza la mawaziri likajiuzulu, majeshi ya muungano unaoongozwa na Urusi yakaingia, watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Ni kweli kwamba kulikuwa na malalamiko mengine ya miaka mingi, ya mishahara, ya familia chache kumiliki uchumi. Lakini cheche haikuangukia petroli, iliangukia mafuta yale ambayo watu walishawishiwa kuyahamia, na waliyoyahamia kwa gharama ya kubadilisha mfumo wa gari.

Sasa nizipime hoja za pande mbili. Upande wa kwanza unasema bei iachwe ifanye kazi, na nauheshimu upande huu. Ruzuku ya mafuta ni ghali na haimlengi maskini. Uchambuzi wa Shirika la Fedha la Kimataifa katika nchi zinazoendelea ulionyesha kwamba asilimia 20 ya kaya tajiri zaidi hupata takriban mara sita ya kile wanachopata asilimia 20 maskini zaidi kutokana na ruzuku ya mafuta. Sababu haihitaji kufikiriwa sana: mwenye magari matatu hufaidi mara tatu. Lakini upande huu haujibu swali moja, nalo ni nani anaachwa na gari gani. Bei ikipanda, anayeweza kutoka hutoka kwanza. Mwenye kipato kizuri huuza gari lake linalokula mafuta, hununua la umeme au haibridi, yaani la petroli na umeme kwa pamoja, na lile la zamani hushuka thamani sokoni. Kwa sababu limeshuka, linakuwa ndilo gari pekee ambalo mwenye kipato kidogo anaweza kulinunua. Bei ya juu basi haiondoi magari yenye kiu barabarani, inayahamisha tu kutoka kwa wenye uwezo wa kuyalisha kwenda kwa wasio nao. Baada ya miaka michache ya bei kubwa, anayelipa asilimia kubwa zaidi ya kipato chake kwenye pampu ni yule aliyelinunua gari mwishoni kabisa, na huyo ndiye tunayeshangaa kumwona barabarani ameshika bango.

Kuna pia hesabu ambayo wanaopanga misaada huikosea. Kulitoa gari linalotumia lita 16 kwa kilomita 100 na kuweka linalotumia 12 kunaokoa lita 4. Kulitoa la lita 7 na kuweka la lita 5 kunaokoa lita 2, ingawa kwa asilimia linaonekana limepiga hatua kubwa zaidi. Kwa mwendo wa kilomita 20,000 kwa mwaka, hiyo ni lita 800 dhidi ya lita 400. Fedha ya umma ingekwenda kwanza kwenye gari la fundi bomba, lile kuukuu lililojaa vifaa linalozunguka mji mzima kutwa. Mara nyingi huenda kwa mtu anayenunua gari jipya kabisa, maana ndiye mwenye muda wa kujaza fomu na mkopo wa kuongezea.

Upande wa pili unasema serikali ishushe bei, basi. Ishushe kodi, ifungue maghala ya akiba, irudishe ruzuku. Kwa wiki chache za dharura sina ugomvi na hilo. Ikiwa ndiyo sera ya kudumu, inamwambia mnunuzi wa leo uongo utakaomgharimu mnunuzi huyohuyo kesho, kama bei kikomo ya Kazakhstan ilivyofanya. Hapa lazima niwe mwadilifu kwa Nigeria, ambayo hutolewa mfano wa watu wanaong'ang'ania ruzuku isiyo na maana. Januari 1, 2012 serikali ya Goodluck Jonathan iliondoa ruzuku ya petroli, bei ikapanda kutoka naira 65 hadi kama 141 kwa lita, nchi ikasimama kwa mgomo, na bei ikarudishwa 97. Waliogoma hawakuwa wajinga wa uchumi. Katika nchi inayochimba mafuta lakini umeme wake hukatika, ambako petroli inaendesha gari mchana na jenereta usiku, bei nafuu ya petroli ilikuwa gawio pekee la utajiri wa nchi ambalo raia wa kawaida aliligusa kwa mkono. Kuliondoa kwa ahadi ya barabara na hospitali zitakazokuja baadaye ni kumtaka mtu aachie kilicho mkononi kwa kilicho kwenye hotuba.

Je, kuna namna bei inaweza kupanda bila nchi kuwaka? Iran imejibu mara mbili, majibu tofauti. Desemba 2010 serikali ya Mahmoud Ahmadinejad ilipandisha petroli ya mgao kutoka rial 1,000 hadi 4,000 kwa lita, mara nne kwa siku moja. Lakini kabla ya siku hiyo, fedha zilikuwa tayari zimewekwa kwenye akaunti za kaya, zaidi ya rial 400,000 kwa kila mtu kwa mwezi, zimefungwa zisitolewe mpaka bei mpya ianze. Watu waliiona namba kwenye akaunti kabla ya kuiona kwenye pampu. Mitaa ilibaki tulivu. Novemba 2019, chini ya Hassan Rouhani, bei ilipandishwa usiku wa manane kutoka rial 10,000 hadi 15,000 kwa lita 60 za kwanza za mwezi na 30,000 kwa zaidi ya hapo, ongezeko dogo kwa uwiano kuliko la 2010. Fedha za fidia ziliahidiwa zifuate. Kwa siku chache zilizofuata, mamia ya watu waliuawa na intaneti ikazimwa karibu nchi nzima. Naam, uchumi wa 2019 ulikuwa umechoshwa na vikwazo, na mfumuko wa bei ulikuwa umeshazila zile fidia za 2010 zikabaki karibu bure. Lakini hilo la pili ni sehemu ya hoja yangu, si pingamizi lake. Fidia iliyoachwa ichakae ni mkataba mwingine uliovunjwa, na watu walikuwa wameshajifunza thamani ya ahadi ya aina hiyo.

Serikali zenye akili zimeelewa kwamba wakati wa kubadilisha masharti ni bei inapokuwa chini. Mafuta ghafi yalipoporomoka mwishoni mwa 2014, India iliachia bei ya dizeli kwa soko Oktoba mwaka ule, na Indonesia ikaondoa ruzuku ya petroli Januari 2015. Hii ni Indonesia ileile ambako kupandishwa kwa bei ya mafuta Mei 1998 kulitangulia kuanguka kwa Rais Suharto kwa wiki chache tu. Tatizo ni kwamba bei ikiwa chini hakuna anayezungumzia mafuta. Kamati hazikai, magazeti hayaandiki, na wanunuzi wanarudi kwenye magari makubwa. Kodi ya serikali kuu ya Marekani kwenye petroli imekaa senti 18.4 kwa galoni tangu 1993, ikipita katikati ya vipindi kadhaa vya mafuta rahisi ambavyo ingeweza kusogezwa bila mtu kuumia.

Norway ndiyo inayotajwa kama ushahidi kwamba inawezekana, na huwa inaelezwa vibaya. Mwaka 2024 karibu asilimia 89 ya magari mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme. Wengine husema ni kwa sababu petroli ni ghali, wengine ni kwa sababu ni nchi tajiri. Petroli ni ghali Ulaya yote ya magharibi, na nchi tajiri ni nyingi. Kilicho adimu ni uvumilivu: magari ya umeme yalisamehewa ushuru wa uingizaji katika miaka ya 1990 na kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2001, na misamaha hiyo mikuu ikalindwa na serikali za vyama tofauti kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuanza kupunguzwa taratibu. Aliyenunua mwaka 2012 hakuamka mwaka 2014 akakuta masharti yamegeuka.

Ndiyo maana wasiwasi wangu mkubwa hauko kwa wenye petroli tena. Duniani kote serikali zinawashawishi watu waingie kwenye umeme kwa misamaha ya kodi, huku hazina zilezile zikiishi kwa kodi ya mafuta ambayo misamaha hiyo itaikausha. Deni la barabara lazima lilipwe na mtu. New Zealand ilianza kuwatoza wenye magari ya umeme ada ya kilomita Aprili 2024. Iceland iliweka króna 6 kwa kilomita Januari mwaka huo wakati misamaha mingine ikiondolewa, na mauzo ya magari ya umeme yakashuka mwaka huohuo. Ethiopia, kwa sababu za fedha za kigeni na umeme wake wa maji, ilizuia mwaka 2024 kuingizwa kwa magari binafsi yasiyo ya umeme, maana yake imewafungia wanunuzi njia nyingine zote na kujitwika jukumu la bei ya umeme na vituo vya kuchajia kwa miaka 15 ijayo. Ni haki kwamba anayetumia barabara aichangie, na sipingi ada zenyewe. Ninachopinga ni kuziweka baadaye, kimyakimya, kana kwamba aliyenunua hakuwa na haki ya kujua. Uingereza angalau imesema mapema: kwenye bajeti ya Novemba 2025 ilitangaza tozo ya peni 3 kwa maili kwa magari ya umeme kuanzia Aprili 2028. Anayelinunua gari hilo leo kwa mkopo wa miaka mitano atakuwa bado analilipia siku tozo itakapoanza, lakini ataweza kuiingiza kwenye hesabu kabla ya kutia sahihi. Dereva wa dizeli wa Ufaransa hakupewa hata hilo.